Ubishi kwenye grupu la mtaa: namna ya kubishana bila kumponza mtu

Kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, hapa Mwanza, wanaobishana huwa ni watu sita saba. Waliobaki wote wanasoma tu, na hao ndio wenye uamuzi mkononi: mama wa Buhongwa anayewaza kama mtoto aende shule kesho, mvuvi wa Igombe anayeangalia kama ashushe mtumbwi jioni, kijana wa bodaboda anayesikia kuna "mwizi" amekamatwa njia panda. Mwongozo huu umeandikwa kwa kuwafikiria hao. Ukibishana, kumshinda mwenzako ni jambo dogo, na mara nyingi hashindiki. Jambo kubwa ni kwamba anayesoma kimya asije akapata hasara kwa maneno yako.

Hatua ya 1: Jua umeletewa ujumbe wa aina gani

Kabla hujajibu, jiulize huu ni ujumbe gani. Ni hatari inayotokea sasa hivi, kama moto, chombo kilichopinduka au mtoto aliyepotea? Ni habari ya jambo lililotokea, ambayo inaweza kuhakikishwa? Au ni maoni ya mtu kuhusu viongozi, bei, chama chake au mpira? Kila aina ina jibu lake. Ubishi huharibika pale mtu anapoandika "kuna moto Mabatini, nyumba tatu zinaungua" na anayefuata anajibu "ndiyo mjue halmashauri imeoza". Labda ana hoja, lakini hoja hiyo isubiri moto uzimwe. Sasa hivi watu wanahitaji kujua moto uko nyumba ya nani.

Hatua ya 2: Hatari ya sasa haijadiliwi, inapigiwa simu

Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Namba hizi zihifadhi kwenye simu leo, na kama wewe ni admini ziweke kwenye maelezo ya grupu. Ukishapiga, andika grupuni kwamba umepiga, saa ngapi, na umeambiwa nini. Sentensi hiyo moja inazuia watu arobaini kubaki wakiulizana "kuna aliyepiga?"

Ukipiga, taja mahali pa kueleweka. Hapa Mwanza jambo hili lina uzito wake, kwa sababu nyumba nyingi za Mabatini, Igogo, Bugarika na Isamilo ziko mlimani katikati ya mawe, na gari haliwezi kupanda. Ukisema "pale juu kwenye mawe makubwa" umetaja nusu ya jiji. Taja barabara ya chini ambapo gari litasimama, kanisa au msikiti wa jirani, duka linalojulikana, na umtume kijana ashuke akapokee wanaokuja. Kama ni ziwani, taja mwalo (ufukwe wa kuegesha mitumbwi) chombo kilikotokea na kilikokuwa kinaelekea, kina injini au tanga, rangi yake, namba iliyoandikwa ubavuni kama kuna anayeikumbuka, na saa kilipoonekana mara ya mwisho.

Ubishi juu ya nani alaumiwe una wakati wake, na wakati huo utafika.

Hatua ya 3: Fungua ujumbe neno kwa neno

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Chukua ujumbe wa aina ambayo kila mzazi ameshawahi kuletewa:

"TAHADHARI!!! Wazazi wa Mwanza, watoto wawili wametekwa leo asubuhi Buhongwa wakienda shule. Ni Noah nyeupe yenye vioo vyeusi. Polisi wamethibitisha. Sambaza kwenye magrupu yote uokoe mtoto."

Anza na neno "leo". Ujumbe wa kufowadi haubebi tarehe yake ya kwanza. Ulioandikwa miezi minane iliyopita bado utasema "leo asubuhi", na kila utakapotua utaonekana mpya. Kama hakuna tarehe, basi hakuna "leo".

Nenda kwenye "Buhongwa". Buhongwa ni kata nzima. Mtaa gani? Shule gani? Aliyeshuhudia jambo huwa anataja kitu kidogo kinachoonyesha alikuwepo: karibu na stendi, nyuma ya soko, kwenye kona ya kwa fundi magurudumu. Ujumbe wa uongo hupenda majina makubwa, kwa sababu jina kubwa linamgusa kila mtu.

Halafu "Noah nyeupe". Hesabu mwenyewe Noah nyeupe zinazopita barabara ya Nyegezi kwa nusu saa. Nyingine zinabeba wanafunzi. Dereva wa mojawapo anaweza kesho kusimama kumuuliza mtoto njia, na watu walioshiba ujumbe huu wakamzingira na mawe. Hiyo peke yake inatosha kukuzuia usiufowadi.

"Polisi wamethibitisha." Polisi gani? Taarifa ya polisi ya mkoa hutolewa na Kamanda wa Polisi wa Mkoa au msemaji wa jeshi, yenye jina, cheo na tarehe, na wanahabari wa hapa hawaiachi ipite. Neno "wamethibitisha" bila jina halijathibitisha kitu.

Mwisho angalia unachoombwa kufanya. Huombwi kupiga simu wala kumtafuta mtoto, unaombwa usambaze. Tangazo la kweli la mtoto aliyepotea lina jina lake, umri, nguo alizovaa, alipoonekana mara ya mwisho, kituo cha polisi kilikoripotiwa na namba ya mzazi. Hilo likija, piga namba ya mzazi kwanza uhakikishe, kisha sambaza kwa nguvu zako zote, na mtoto akipatikana rudi kila ulikolipeleka ukaseme amepatikana.

Kuhakikisha si kazi ya wataalamu peke yao. Watu wengi wa Mwanza wana ndugu au rafiki Buhongwa. Mpigie mwalimu unayemfahamu, mwenyekiti wa mtaa, au kijana wa kijiwe cha bodaboda kilicho karibu na shule. Bodaboda hujua kilichotokea mtaani kabla vumbi halijatulia. Dakika tano zinatosha.

Atatokea mtu aseme "lisemwalo lipo, kama halipo laja". Usikubali methali ifanye kazi ya ushahidi. Mjibu kwa upole kwamba kama lipo lina mahali na saa, na ndivyo unavyoviuliza.

Hatua ya 4: Picha, video na sauti

Kwenye WhatsApp, ujumbe uliopita mikono mingi huwekewa alama ya mishale miwili juu yake. Maana yake umefowadiwa mara tano au zaidi kabla ya kukufikia, na aliyekuletea hakuuandika. Ukiona mishale hiyo, swali la kwanza ni "umeutoa wapi?"

Picha itafute kwa Google Lens, uone kama ilishawahi kutokea mahali pengine au mwaka mwingine. Video isimamishe pale sura, jengo au bango linapoonekana vizuri, piga skrinishoti, kisha itafute hiyo. Ukipata picha ileile kwenye habari ya miaka minne iliyopita, kazi imekwisha. Usipopata kitu, usidhani imethibitika, kwani huenda ni mpya na huenda haijawahi kuwekwa mahali panapotafutika.

Kisha tazama kwa macho ya mtu wa hapa. Magari yanaendeshwa upande gani? Tanzania, Kenya na Uganda wote tunaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Video ya vurugu yenye magari upande wa kulia haikupigwa Mwanza, hata kama mtu anaapa kwamba ni Igoma. Soma namba za magari: zetu za kiraia huanza na T, pikipiki MC, za Kenya K, za Uganda U. Angalia mabango ya maduka, sare za askari, milima. Mji wetu umejaa mawe, na ni vigumu kupiga video ndefu ya nje bila jiwe moja kuingia.

Picha za ziwani ndizo zenye mtego zaidi, kwa sababu maji hayana bango. Mwanzoni mwa mwaka 2025 gugumaji jipya lilisumbua vivuko vya Kigongo–Busisi, na hilo ni kweli. Lakini picha za mitumbwi iliyonasa kwenye magugu zipo nyingi tangu zamani, nyingi zikiwa za ghuba ya Kisumu upande wa Kenya. Mtu anaweza kuchukua picha ya kule akaiambatanisha na habari ya kweli ya huku, na ubishi ukazaliwa: mmoja anasema picha ni ya uongo, mwingine anasema habari ni ya kweli, na wote wako sahihi. Ukiona hivyo, tenganisha mambo hayo mawili kwa sentensi moja: "Picha si ya hapa, lakini gugumaji lipo kweli."

Taarifa ya hali ya hewa nayo huzunguka sana kwa skrinishoti. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri na tahadhari za Ziwa Victoria, na kila tahadhari ina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Skrinishoti iliyokatwa sehemu ya tarehe usiipeleke kwa wavuvi. Tahadhari ya mwezi uliopita ikipelekwa leo, mtu anapoteza usiku wake wa dagaa bure, na zikija tatu za namna hiyo, ya nne ambayo ni ya kweli ataipuuza.

Sauti ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu huwezi kuitafuta kama picha. Sikiliza kama msemaji anajitaja jina na mahali alipo. "Nimeambiwa na mtu wa ndani kabisa" haimtaji mtu. Siku hizi programu za akili unde zinaiga sauti ya kiongozi au hata ya shemeji yako, hivyo kufanana kwa sauti pekee hakutoshi. Sauti ya kiongozi ikitoa agizo, subiri uione kwenye ukurasa rasmi wa ofisi yake au uisikie redioni. Sauti ya ndugu ikiomba pesa, mpigie kwa laini ya kawaida. Ujumbe wa kitapeli uliokuja kwa meseji, pamoja na namba iliyoutuma, upeleke Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kupitia 15040.

Hatua ya 5: Usigombanie idadi ya waliokufa siku ya ajali

Watu wa ziwa hili tumezika sana. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996 ikiwa karibu kufika Mwanza, na mpaka leo idadi inabishaniwa: wako wanaotaja zaidi ya 800, wako wanaotaja 1,000. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka 20 Septemba 2018 karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Jioni ya siku ile idadi iliyotajwa ilikuwa 44, na mwisho ikafika 228. Siku mbili baada ya ajali fundi wa kivuko alitolewa ndani akiwa hai. Ndege iliyoanguka ziwani Bukoba 6 Novemba 2022 ilikuwa na watu 43. Mchana zilitajwa taarifa za vifo 3, baadaye vikawa 19.

Namba hizo hazikupanda kwa sababu mtu alikuwa anaficha. Waokoaji wanahesabu walichokitoa majini, na maji hayatoi vyote kwa saa moja. Kwa hiyo namba yoyote ya siku ya kwanza iandike pamoja na saa yake na aliyeitaja: "Saa kumi jioni, mkuu wa mkoa amesema 44." Mwenzako akileta 60 usiku, hakuna mwongo kati yenu. Na usiandike "hakuna aliyesalia". Mke wa mtu anasoma.

Jambo lingine la siku hizo ni michango. Ajali ikitokea, namba za kuchangia huchipuka. Usitume wala kufowadi namba ambayo haijatangazwa na ofisi inayojulikana au ambayo mwenye nayo humfahamu kwa sura.

Hatua ya 6: Siasa

Hapa nitakuwa mfupi, maana maoni hayahakikishwi kwa Google Lens. Kinachosaidia ni kutoa ndani ya ubishi yale yanayohakikishika, kisha mbaki na tofauti yenu halisi. Mfano ni daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Huyu anasema ni kazi ya Magufuli, yule anasema ni ya Samia. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2019 na Rais Magufuli. Daraja lilifunguliwa 19 Juni 2025 na Rais Samia. Mkishaviweka hivyo viwili mezani, mtagundua mlikuwa mnabishana juu ya nani mnampenda, na hilo kila mtu abaki nalo.

Kuhusu Uchaguzi Mkuu wa 29 Oktoba 2025 na yaliyofuata, nakuomba jambo moja kwa moyo wote. Intaneti ilikatwa, na iliporudi picha zikamiminika kwa siku nyingi. Kuna watu walipoteza ndugu. Kwenye grupu la watu mia mbili huwezi kujua nani ana msiba. Usimtake mtu alete ushahidi wa kifo cha ndugu yake mbele ya grupu zima, na usiweke picha ya maiti ili ushinde hoja.

Hatua ya 7: Namna ya kujibu

Mzee akileta uongo, usimkosoe hadharani kwanza. Mfuate inboksi: "Shikamoo mzee. Ile taarifa ya maji kuwekwa sumu nimempigia jamaa yangu anayekaa pale kwenye chanzo, anasema hakuna kitu. Naomba uifute kabla watu hawajaogopa." Wazee wengi watafuta na kushukuru. Kwenye WhatsApp mtu anaweza kufuta alichotuma kwa kila mtu ndani ya siku mbili na ziada kidogo, na admini anaweza kufuta cha mtu mwingine. Asipofuta, au kama ujumbe unaweza kuleta madhara ndani ya saa moja, jibu grupuni, tena kwa heshima ileile.

Kwa rika lako au jirani, anza kwa kushukuru, uliza chanzo, weka ulichokipata, maliza. "Mama Neema, asante kwa kutujali wazazi wenzio. Nimempigia mwalimu wa zamu sasa hivi saa nne, anasema watoto wote wameitikia majina. Tuusimamishe huu ujumbe tafadhali." Angalia jinsi jibu hilo lilivyo na aliyeulizwa, saa, na jambo la kufanya. Anayesoma kimya amepata vyote anavyohitaji.

Jibu mara moja, ukibanwa jibu mara ya pili, kisha nyamaza. Jibu la tatu halina taarifa mpya, lina hasira tu. Na usiandike kwa herufi kubwa.

Hatua ya 8: Sura ya mtu

Hili ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu wote. Usiweke sura, namba ya simu wala nyumba ya mtu anayetuhumiwa. Kanda ya Ziwa tunajua uvumi unavyoua. Vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi eti kwa sababu wana macho mekundu, macho yaliyoiva kwa miaka ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu ya maneno yaliyopita kutoka mdomo hadi mdomo. Zamani maneno hayo yalitembea kwa miguu. Leo skrinishoti ya "huyu ndiye mwizi wa Nyakato" inafika Kisesa kabla mtuhumiwa hajamaliza kujieleza.

Kama una picha au namba ya gari inayohusu uhalifu, ipeleke polisi au kwa mtendaji wa mtaa. Ukiona watu wamemzingira mtu, piga 112 na uandike grupuni kwamba polisi wameitwa. Usirushe laivu. Mwenye picha ya uso wa mtuhumiwa akikuomba uifowadi, kataa na umwambie kwa nini.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kupotosha umma: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Fomu ya hospitali, kitambulisho cha NIDA au matokeo ya vipimo vya mtu navyo si vya kurushwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu mambo kama hayo.

Hatua ya 9: Kwa admini

Weka kanuni tatu tu, za kueleweka: tarehe na mahali kwa kila taarifa ya hatari, hakuna sura za watuhumiwa, hakuna matusi. Grupu likichafuka usiku, funga ili maadmini pekee ndio waandike mpaka asubuhi. Usimtoe mtu kwa kuwa na maoni ya chama kingine. Ukifanya hivyo grupu linakuwa la upande mmoja, na siku ya moto au mafuriko hutakuwa na njia ya kumfikia.

Hatua ya 10: Toa ubishi grupuni, upeleke unakoshughulikiwa

Malalamiko ya maji, umeme, mitaro na taa yanaweza kuzunguka grupuni wiki nzima bila fundi hata mmoja kujua. Mtu mmoja ajitolee akusanye. Umeme: namba ya mita, jina la mtaa, saa ulipokatika, nyumba ngapi hazina, kisha TANESCO. Maji: mtaa, siku ya mwisho yalipotoka, kama bomba limepasuka na ni karibu na nini, kisha mamlaka ya maji ya Mwanza, MWAUWASA. Mtaro na taa za barabarani: picha ya leo na mahali, kisha ofisi ya mtendaji wa mtaa, na likishindikana pale, diwani. Omba namba ya taarifa au jina la aliyepokea, uandike grupuni pamoja na saa, ili jirani atakayepiga kesho asianze upya.